Mlango Unaopiga Hodi: Safari ya Siku Tano kutoka Lamu hadi Siyu

Hii ni kumbukumbu ya safari ndani ya mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ule unaochezwa kwa karatasi, penseli na dadu ya pande 20. Kanuni ni za Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka Marekani mwaka 1974; toleo lililotumika ni la tano, la mwaka 2014. Wahusika ni wanne, wote ngazi ya 2: nahodha anayepigana kwa jambia, mganga, mwizi wa vichochoroni, na msomi wa uchawi kutoka bara. Wametumwa kupeleka kasha la vitabu Siyu, mji wa kisiwa cha Pate, na kitabu kimoja bado kimefichwa kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda.

Adui ni mmoja tu safari nzima. Ni kigeugeu, ambaye wachezaji wa siku nyingi wanamjua kwa jina la mimiki: mnyama anayejifanya kasha, kiti au mlango, akingoja aguswe. Kinga yake, namba ambayo dadu ya anayempiga lazima ifikie, ni 12; uhai wake, yaani madhara anayoweza kuvumilia, ni 58; mwendo wake futi 15 tu kwa raundi. Chochote kinachomgusa kinaganda. Huyu wa Takwa amejifanya mlango wa nakshi.

Adui wa kuchekesha hafanywi kwa sauti ya kuchekesha. Anafanywa kwa hatari ya kweli pamoja na kosa moja la adabu ambalo kila aliyekaa mezani alikanywa tangu utotoni. Kosa la huyu ni kwamba anapiga hodi. Wa kupiga hodi ni mgeni, wa kujibu karibu ni mwenye nyumba, na mlango kazi yake ni kugongwa. Kigeugeu huyu amesikiliza watu miaka mingi, akalishika neno bila kushika ni la nani.

Siku ya 1: Lamu mjini

Siku hii haina pambano, na msimamizi, yule anayeendesha mchezo, akiipitia mbiombio ataiharibu siku ya pili. Kikundi kinaingia nyumba tatu: moja Mkomani kuchukua kasha la vitabu, moja Langoni kununua papa mkavu, ya tatu ni kwa mwenye mashua. Katika kila nyumba wachezaji wapige hodi kwa midomo yao wenyewe, na msimamizi ajibu "Karibu" kutoka ndani. Isitoshe kusema "tunaingia". Neno litoke mdomoni mara tatu kabla ya Takwa.

Mlango wa Mkomani uelezwe wote: daka lenye baraza za mawe pande mbili, mbao mbili zinazokutana kwenye mfaa, ule mti wa katikati, miimo iliyochongwa mnyororo kutoka chini hadi juu, tumbuu ya chuma nje, komeo ndani. Wa Langoni uelezwe kwa sentensi mbili, na wa mwenye mashua kwa moja. Sababu ni kwamba mchezaji mzoefu akisikia mlango mmoja umeelezwa kwa sentensi tano anatoa upinde papo hapo. Akishasikia milango mitatu, mmoja kwa kirefu, na yote ikawa milango tu, mkono wake unatulia. Tena anakuwa ameshafundishwa mlango wa kweli ukoje, naye atahitaji elimu hiyo kesho bila kujua.

Vitu vya kununua: pondo mbili, ile miti ya kusukumia mashua, kamba ya kumbi pima 20, majamvi mawili, papa mkavu vipande 6, ndoo ya kutolea maji mashuani, mtungi wa maji ya kunywa, na sifa chupa 4 za lita moja moja. Sifa ni yale mafuta ya papa yanayopakwa mbao za vyombo. Yanuka, na mchezaji wa bara atauliza ni ya nini. Mwenye mashua amjibu ni ya mbao, basi. Asiongeze neno.

Siku ya 2: Takwa

Takwa inafikiwa kwa mkono wa bahari unaoingia katikati ya mikoko, karibu kukigawa kisiwa cha Manda vipande viwili. Maji yakipwa ni tope. Siku za bamvua, yaani za maji makuu, maji hujaa alfajiri na tena alasiri, kwa hiyo andika hivi kwenye karatasi ya msimamizi: kilele saa kumi na dakika 20 alasiri, mashua inaingia saa tisa na nusu, na mwisho wa kutoka ni saa kumi na moja jioni. Wana dakika 90. Pambano lenyewe halili muda, maana raundi moja ni sekunde 6. Kinachokula muda ni kupekua na kubishana, na kila jaribio moja lihesabiwe dakika 10, yaani majaribio 9. Wakipitisha, mashua imekaa kwenye tope mpaka maji ya alfajiri, nao watalala na mbu.

Jambo moja la kuzingatia. Nyumba yenye kitabu iwe upande wa magofu ya nyumba, mbali na msikiti na kaburi la mnara. Watu wa Shela bado huenda pale kuomba dua ya mvua, kwa hiyo pale pasiwekwe zimwi wala mzaha. Mji wenyewe ulihamwa mwishoni mwa karne ya 17, na sehemu nyingine zinatosha.

Nyumba haina paa. Kuta za mawe ya matumbawe zimebaki hadi kifuani, mibuyu imeota ndani. Katika uwazi wa ukuta mmoja umesimama mlango wa nakshi, mzima, unang'aa kama umepakwa mafuta asubuhi hiyo. Msimamizi asiombe dadu ya uangalifu. Kanuni inasema kigeugeu akitulia hatofautishwi na kitu cha kawaida, na kuomba dadu ni kuwaambia wachezaji kuna jambo. Dalili ziwe kwenye maelezo, na kila moja ijibiwe kwa anayeuliza tu. Akiuliza komeo liko wapi: liko nje. Akiuliza mfaa: ipo miwili. Akiangalia mnyororo wa miimo: unapanda upande mmoja, upande wa pili unashuka. Akisogea hadi urefu wa mkono aone msumari wa shaba, wa tatu kutoka chini, umefunikwa na utando mwembamba kama jicho la kuku, kisha utando unaondoka. Kizingiti kina unyevu, japo mvua haijanyesha.

Ndipo mlango useme "Hodi."

Msimamizi aliseme neno kwa sauti ile ile anayoingilia kwa jirani, huku akigonga meza mara moja. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanakwaruza koo, wanatoa sauti ya jini, na wachezaji wote wanashika silaha. Likisemwa kawaida, ulimi wa mtu aliyelelewa na neno hilo hujibu kabla ya akili. Kwenye safari hii mganga alijibu "Karibu" kabla hajamaliza kuweka kikombe chini.

Kanuni iliyoongezwa ni hii, na ndiyo kubwa kuliko zote: mchezaji, si mhusika, akitamka "karibu", mlango umeruhusiwa. Unaanza wenyewe, na shambulio la kwanza unarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Hakuna kurudisha neno. Na adabu inaubana mlango pia. Hodi ni mara tatu. Ikipigwa ya tatu bila kujibiwa, mlango lazima uondoke. Unajing'oa ukutani, unatembea kwa miimo yake futi 15, unasimama palipo wazi na kujifanya mlango tena, bila ukuta wowote. Kikundi kilichonyamaza hodi zote tatu kimeshinda raundi bila kutoa jasho. Kigeugeu ataanza upya baada ya dakika 10 mahali pengine, na kila mara anazidi kuumia moyo.

Kati ya hodi na hodi mlango unaita kwa Kiamu, maana ndiyo lugha uliyoisikia: "Ndoo! Ndoo!" Kwa mtu wa Lamu ni njoo. Msomi wa bara alisikia chombo cha maji, akakimbia mashuani kuleta ndoo, akaiweka mbele ya mlango kwa heshima zote. Ndoo ikaganda. Akaivuta, akaganda yeye. Msimamizi asimkosoe mchezaji na asitafsiri, bali ampe mwenye Kiamu mezani nafasi ya kusema. Kama hakuna mwenye Kiamu, liache neno hilo kabisa, kwa sababu kichekesho kinachofafanuliwa na msimamizi hakichekeshi.

Sasa hesabu. Anayeganda ameshikwa, na kujinasua anahitaji 13 kwa dadu na nyongeza yake, lakini anarusha dadu mbili na kuchukua ndogo. Mwenye nyongeza ya 3 angekuwa na nafasi 55 kwa 100. Kwa kuchukua ndogo anabaki na 30. Mwenye nyongeza ya 1 anashuka hadi 20. Zaidi ya hapo, kigeugeu akimshambulia aliyemshika anarusha dadu mbili na kuchukua kubwa. Pigo lake la mkono ni dadu ya pande 8 kuongeza 3. Kuuma ni hivyo hivyo, na juu yake dadu nyingine ya pande 8 ya asidi: kwa wastani 12. Msomi wa ngazi ya 2 ana uhai kama 12. Akiumwa mara moja, chali. Ndiyo maana pambano hili halifai ngazi ya 1. Alama za uzoefu, zile wahusika wanazopata kwa kumshinda, ni 450, na kwa wahusika wanne wa ngazi ya 1 kiwango cha pambano la kuua kinaanzia 400. Kwa ngazi ya 2 ni la wastani, lakini aliyeganda hataliona hivyo.

Raundi ya kwanza mganga aliumwa 11, akabaki na 6. Meza ikanyamaza, na hapo ndipo panapotakiwa kufika: watu waliokuwa wakicheka ndoo wanahesabu uhai kwa vidole. Raundi ya pili nahodha alipiga mara moja, mwizi akakosa. Kuhusu silaha amua mapema. Kanuni inasema kila kinachogusa kinaganda, lakini jambia likiganda kila pigo mchezo unakwama na mpiganaji ananuna. Hapa silaha ilihesabiwa kuganda pale tu dadu inapoangukia 1. Raundi ya tatu mwizi akakumbuka kwamba sifa ni ya mbao. Chupa moja ikimwagwa pale palipoganda, anayejinasua anarusha dadu moja kama kawaida badala ya kuchukua ndogo. Hiyo ni kanuni ya nyongeza ya safari hii. Mganga alitoka raundi hiyo hiyo, akinuka papa tangu kichwani.

Uhai wa kigeugeu ukishuka hadi 29, yaani nusu, usiendelee kupigana. Mlango unasimama, mbao zake mbili zinafunguka kidogo, na unauliza kwa uchungu wa kweli:

"Mumenikaribisha wenyewe. Mbona mwanipiga?"

Swali hili lisomwe polepole. Nahodha alishusha jambia. Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu kwa adabu ya nyumbani mlango ulikuwa na haki.

Kuzungumza na kigeugeu hakukuanza hapa. Kigeugeu wa toleo la tano ana akili 5 na hana lugha, lakini katika kitabu cha viumbe cha mwaka 1977 wa kawaida aliweza kusema, na alikuwa mpole akipewa chakula, akieleza aliyoyaona jirani. Huyu wa Takwa amerithi hilo. Bei yake ni vipande vitatu vya papa mkavu. Kwa kimoja atasema kitabu kiko kwenye zidaka za ukuta wa ndani, safu ya pili. Kwa viwili atasogea kuwapisha. Kwa cha tatu atataja haja yake: amechoka kulinda nyumba isiyo na watu, anataka kupelekwa penye nyumba zinazokaliwa. Alama 450 zitolewe zote hata kama hakuuawa, 112 kwa kila mmoja. Msimamizi anayetoa alama kwa maiti tu anawafundisha wachezaji kuua kila anayewachekesha.

Kuubeba: uzito wake hapa ni kilo 120. Majamvi mawili yanalowekwa sifa, mlango unalazwa juu yake, kamba ya kumbi inapita chini ya jamvi bila kuugusa, na pondo mbili zinapitishwa kwa mabega manne. Asiyeloweka jamvi ataligandisha, halafu hataweza kuufungua mdomo wa mlango kuulisha. Walimaliza saa kumi na dakika 50, na mashua ilitoka ikikwaruza mizizi ya mikoko.

Siku ya 3: Mkanda hadi Mtangawanda

Maji ya alfajiri yalijaa kiasi cha saa kumi na dakika 45, wakapita Mkanda, mlango wa bahari kati ya Manda na bara, kabla ya jua, wakielekea Mtangawanda, bandari ya kisiwa cha Pate. Pale maji yakipwa chombo kizito kinangoja, hakuna hila. Ni msimu wa kusi, upepo uko nyuma, tanga halina kazi kubwa. Rusha dadu moja tu ya unahodha, inayohitaji 10. Ikikosa, mashua inachelewa saa mbili.

Shida ni mlango. Umelazwa omoni, mbele ya mashua, na kila mashua ya wavuvi inayopita unaipigia hodi. Wavuvi ni watu wa adabu. Dawa ni kuuwekea kipande cha papa mdomoni kila chombo kinapokaribia. Vimebaki vitatu, na vyombo vya kukutana navyo viwe vinne. Hicho cha nne ndicho pambano la siku. Nahodha alikimaliza kwa kuimba kwa sauti kubwa mpaka wavuvi wakapita wakimwonea huruma.

Siku ya 4: Pate hadi Siyu

Kwa miguu ni saa mbili hadi tatu, kwenye njia ya mchanga. Kanuni zinampa punda mzigo wa ratili 420, karibu kilo 190, kwa hiyo kwenye karatasi punda mmoja angeubeba mlango peke yake. Usiruhusu. Wachezaji wa Lamu wanawajua punda, wanajua mgongo wa punda unavyochubuka, na watakosana na msimamizi. Punda abebe vitabu na maji, mlango ubebwe kwa pondo.

Siyu ina jina la wanazuoni na la mafundi wa mbao na ngozi. Kikundi kinakabidhi vitabu, kazi imekwisha, kisha fundi mzee wa nakshi anauona mlango. Fundi huyu asishangae hata kidogo kwamba mlango una macho. Anachoshangaa ni kazi.

"Mifaa miwili," alisema, akauzunguka. "Na huu mnyororo nani kauchonga, mwanafunzi?"

"Hodi," mlango ukasema, kwa unyonge.

"Mwanangu, hodi si yako."

Hakuna aliyewahi kuuambia. Hapa kuna pambano ambalo silaha hazilimalizi: mlango umedhalilika mbele za watu, na usipotulizwa unamuuma fundi. Anayeutuliza anahitaji 12 kwa dadu ya ushawishi. Akitaja jambo moja la kweli lililo zuri kwenye nakshi yake, arushe dadu mbili achukue kubwa. Mwizi aliusifia msumari wa shaba. Alipata 17.

Siku ya 5: Siyu

Fundi amekubali kuufundisha. Somo moja ni saa moja: mtu anasimama nje anapiga hodi, mlango unatakiwa ujibu. Akili ya 5 inaupa upungufu wa 3, na kiwango ni 13, kwa hiyo unahitaji 16 au zaidi kwenye dadu, nafasi 25 kwa 100. Ukilishwa papa kabla ya somo unarusha dadu mbili na kuchukua kubwa, na nafasi inapanda hadi karibu 44. Somo la kwanza ulijibu "Hodi" kwa hodi. La pili ulijibu "Ndoo," msomi wa bara akaanza kunyanyuka, akakaa. La tatu dadu ikaonyesha 18.

"Hodi!" aliita mganga kutoka nje.

Mbao mbili zikafunguka taratibu, moja kulia na moja kushoto, mfaa mmoja tu katikati. "Karibu," mlango ukasema.

Msimamizi aandike upya karatasi ya kigeugeu usiku huo huo. Kinga 12, uhai 58, mwendo futi 15, kuuma vile vile. Ule mfaa wa pili ufutwe, komeo lirudi ndani, mnyororo upande pande zote mbili. Kanuni ya hodi igeuzwe: sasa hauwezi kuanza mpaka mtu apige hodi, na ukishajibu, anayevuka kizingiti ameganda bila dadu. Dalili nne kati ya tano za Takwa hazipo tena. Umebaki ule msumari wa shaba, wa tatu kutoka chini, ambao mwizi aliusifia na mlango ukakataa kuubadilisha.